Samli Kwenye Bawa

Mtu yeyote akiingia ghalani kwetu Bunda akaona kazi tunayofanya, kitu cha kwanza kumtoka mdomoni ni "usipoziba ufa utajenga ukuta." Padri amelisema hilo, mwalimu mkuu wa shule ya jirani amelisema, na muuza karanga aliyeingia kukimbia mvua naye akalisema. Wote hulisema kwa tabasamu, kana kwamba wao ndio wa kwanza kulifikiria. Nami hutabasamu kwa sababu nimelelewa, lakini moyoni huwa najibu: sisi hatuzibi nyufa, ndugu yangu. Sisi tunazitafuta. Kuziba ni kazi ya wengine.

Ghala lenyewe lilikuwa la pamba zamani, na hadi leo upepo ukipita juu ya kenchi huangusha vinyweleo vyeupe kichwani mwa mtu. Serikali ililikodi kwa ajili ya kitengo chetu cha utafiti, ikatuletea ndege ndogo ya abiria iliyostaafu baada ya miaka mingi ya kutua kwenye viwanja vya changarawe huko hifadhini. Ndege za namna ile huteseka. Zinatua kwa kishindo, zinarushiwa mawe na magurudumu yake zenyewe, zinapaa tena kabla hazijapoa. Kila kishindo huishia kwenye shina la bawa, pale bawa linaposhikana na mwili, na bati la pale huchoka. Likichoka linapata ufa. Ufa unaanza ukiwa mwembamba kuliko unywele. Rubani hauoni, fundi hauoni, na ndege inaendelea kubeba watoto wa watu. Kazi yetu ilikuwa kujua ni ukaguzi gani unaouona mapema.

Njia zilikuwa mbili. Ya kwanza ni dawa nyekundu. Unasafisha bati, unapaka dawa, unasubiri izame, unafuta, kisha unapulizia unga mweupe juu. Dawa iliyozama ndani ya ufa hurudi juu polepole na kujichora mstari mwekundu kwenye ule weupe. Ni njia rahisi, na fundi yeyote wa ndege anaijua. Njia ya pili ilikuwa kifaa chetu: kisanduku chenye kioo, na waya, na kitu mfano wa kalamu ambacho unakipitisha juu ya bati. Kalamu hupeleka umeme kidogo ndani ya bati. Umeme ukikuta ufa unakosa njia, na mstari kwenye kioo unaruka. Nasema chetu kwa sababu mimi na Happyness, fundi sanifu wangu, ndio tulioandika programu inayosoma ule mstari, tukagombana kwa ajili yake, tukapatana, tukagombana tena. Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Happyness yeye hasira zake ziko mbali sana, na nadhani ndiyo maana kile kifaa kilikamilika.

Kamati ya kuamua kama kazi yetu iendelee ilipangiwa kuja Jumatatu kutoka Dodoma. Mkuu wake alikuwa Mhandisi Stanislausi Masatu, mtu aliyeshika spana kwenye mahanga ya ndege kabla sijajua kusoma, na ambaye alishasema kwenye mkutano, mimi nikiwemo, kwamba fundi mwenye macho na dawa nyekundu hahitaji kisanduku. Asiporidhika, ghala linafungwa, ndege inauzwa chuma chakavu, kifaa chetu kinawekwa kabatini, nami narudishwa kukaa mezani kupitisha barua. Hayo ningeyavumilia. Lililoninyima usingizi ni zile nyufa ambazo dawa haizioni, ambazo zingeendelea kuruka angani na watu ndani yake.

Sasa niseme kuhusu mlinzi wa ghala. Mlinzi wa ghala alikuwa baba yangu.

Sikumwajiri mimi. Nicolaus, anayeshughulikia utawala wetu, alitangaza kwamba anatafuta mlinzi mtu mzima asiyelewa, na baba akasikia habari hizo akiwa Butiama, akavaa koti lake la misa, akapanda gari hadi Bunda na kujieleza. Naitwa Makongoro, kijana wangu, ni mfugaji, sijalewa tangu Komunyo ya kwanza. Aliishia hapo; kwamba injinia wa ghala ni bintiye hakusema. Nilipofika asubuhi kutoka kwangu Kamunyonge, Musoma, nikamkuta getini na koti la ulinzi, ananiambia, "Karibu, Injinia," kwa uso mkavu kama wa mtu asiyenijua.

Nilimvuta pembeni. Nilimwambia utaratibu wa serikali hauruhusu ndugu kumfanyisha kazi ndugu yake, na kwamba wakijua, yeye anaondoka na mimi naandikiwa barua ya onyo. Akasema, "Kwani nani atawaambia? Wewe utawaambia?" Ng'ombe alishawagawia kaka zangu, mama alishachoka kumwona akizunguka boma letu la Mwitongo, huko Butiama, kutwa nzima akikosoa ukamuaji wa watu, na mimi nilikuwa naenda Butiama kwa mwezi mara moja, nikila na kuondoka. Mshahara wa ulinzi haukuwa shida yake. Alitaka kuniona. Nilijua hivyo, na nilifurahi, na nikanyamaza.

Basi tukaishi hivyo. Mbele ya watu alikuwa Mzee Makongoro na mimi nilikuwa Injinia. Wenzangu wakitoka kwenda kula, aliniita "mama," kwa kuwa jina langu Nyamburi ni la mama yake mzazi, akanitolea mtindi aliouficha nyuma ya matairi. Aliipenda ile ndege. Aliizunguka asubuhi na jioni akiipigapiga ubavuni, na siku moja nilimsikia akiiambia ipumzike, imefanya kazi ya kutosha.

Jumamosi tulisafisha bawa lote. Kwenye shina kulikuwa na ufa tunaoujua vizuri, mkubwa kuliko wote, unaoonekana kwa dawa na kwa kifaa pia. Mpango wangu ulikuwa kuanza na ule. Masatu angeuona kwa dawa anayoiamini, kisha angeuona kwa kifaa, akishakiamini kifaa ndipo nimpeleke kwenye nyufa ndogo ambazo dawa haizioni. Happyness aliuzungushia alama ya chaki, tukafunika bawa kwa shuka safi. Baba alikuwa amesimama nyuma yetu, mikono mgongoni.

"Jumatatu ndo wanakuja wakaguzi?" aliuliza.

"Ndiyo, mzee."

"Na huu ufa mnauacha hapa mbele, wazi hivi?"

"Ndio tunaotaka kuwaonyesha."

Alitazama ile alama ya chaki kwa muda mrefu. "Watu wanakuja kukukagua, we unawapokelea kidonda."

Nilikuwa nimechoka na nina waya mkononi. Nilimwambia hii ni sayansi, mzee, na nikaendelea na waya wangu. Hilo ndilo jibu nililompa mtu ambaye maisha yake yote amepokea wakaguzi.

Maana kwetu kuna wakaguzi wa aina moja tu, wale wa mahari. Kabla ng'ombe hawajatoka bomani kwenda ukweni, wakwe hutuma watu wao kuja kuwatazama. Siku hiyo mwenye boma haachi mnyama hivihivi. Baba huwaogesha, huwapaka samli pembe na kwato mpaka zing'ae, na mtamba mwenye kovu husimamishwa kovu likitazama uzio. Hakuna anayeita jambo hilo uongo. Ni heshima kwa mgeni, na ni heshima kwa binti anayehusika, kwamba hakutolewa kwa ng'ombe wa hovyo. Kazi ya mkaguzi ni kuzunguka uzio na kuliona kovu mwenyewe, akiweza. Asipoliona, shauri yake, na mwenye boma atasimulia mpaka kufa.

Jumapili nilikuwa Musoma. Nilienda misa, nikapiga pasi gauni, nikafanya mazoezi ya hotuba mbele ya jirani yangu aliyekuwa anapaa samaki na hakunisikiliza. Baba alikuwa peke yake ghalani na ndege, na ufa, na kibuyu cha samli alichokuja nacho kutoka nyumbani.

Jumatatu kamati ilifika jua likiwa limeshaanza kuunguza mabati. Masatu alikuwa mzee mnene mwenye mikono mizito, na kabla hajanisalimia aliiwekea ndege kiganja chake ubavuni, kama anavyofanya baba. Nilimpenda kidogo kwa hilo, nikajionya nisimpende mapema. Wengine watatu walikuwa vijana wa mipango wenye kompyuta mpakato. Baba aliwafungulia mlango, akawaambia karibuni sana, kisha akasimama pale mlangoni na koti lake lililofuliwa.

Tulitoa shuka. Nakumbuka niliona bawa linang'aa, nikadhani ni jua. Happyness alifuta shina la bawa kwa kitambaa, akapaka dawa nyekundu, tukasubiri huku nikieleza, akafuta, akapulizia unga mweupe. Tukainama wote.

Unga ulibaki mweupe.

Tulisubiri. Kijana mmoja wa mipango alikohoa. Mimi nilikuwa nauangalia ule weupe nikiuombea, jambo ambalo chuoni hawakutufundisha. Niliujua ule ufa kama ninavyoujua mstari wa kiganja changu, na haukuwepo.

"Ufa uko wapi, Injinia?" Masatu aliuliza, bila ubaya.

Nikachukua kalamu ya kifaa. Niliipitisha palepale ilipokuwa alama ya chaki, na mstari kwenye kioo ukaruka juu kabisa. Nikarudia, ukaruka tena. Nilimgeukia Masatu nikidhani nimeokoka, kumbe ndio nilikuwa najizamisha.

"Unaona sasa," alisema taratibu. "Dawa inasema hakuna kitu. Kisanduku chako kinasema kuna ufa. Hii ndo shida niliyoisemaga mimi. Kifaa kinachoota. Tukiwapa mafundi kifaa kinachoota, kila siku watakuwa wanalaza ndege nzima chini, na baada ya wiki watakizima. Na siku ufa wa kweli ukija, kimezimwa."

Kama dawa ilikuwa kweli, basi alikuwa sahihi. Niliinama tena na kalamu, nikiwa sijui nafanya nini, na nikahisi inateleza kuliko kawaida. Halafu harufu ikanifikia. Ilikuwa chini ya ukali wa dawa, tamu kidogo, yenye moshi wa kibuyu kilichofukizwa. Ni harufu ya jikoni kwa mama. Hakuna mtu mwingine Bunda nzima ambaye samli yake inanukia hivyo.

Niligeuka kuangalia mlangoni. Baba alikuwa amesimama pale na uso wa mtu ambaye mtamba wake amepita ukaguzi. Alifurahi kwa ajili yangu. Ule ufa aliuona ni aibu yangu, kwamba bintiye anaumbuliwa na watu wa Dodoma kwa bati lililopasuka, na akafanya kile ambacho baba yeyote wa Mwitongo angefanya: alikandamiza samli ndani ya ufa kwa dole gumba mpaka ukashiba, akapangusa, akang'arisha. Dawa nyekundu haikupata pa kuingia. Kufuta juu hakutoi kilichozama ndani.

Hasira ilinipanda mpaka masikioni, na upendo ukapanda pamoja nayo. Kunyamaza nisingeweza. Nikinyamaza, kifaa kinazikwa kwa uongo. Nilipaswa kusema bawa limepakwa samli, na hapo ningeulizwa ni nani aliyelipaka.

"Bawa limeguswa," nilisema. "Limepakwa samli. Ufa umejaa mafuta, ndiyo maana dawa haikuingia."

"Nani kapaka samli kwenye ndege ya utafiti?"

"Mlinzi," nilisema. "Yule mzee pale."

Wote waligeuka. Kijana mmoja wa mipango alicheka, kisha akajifanya anapangusa kioo cha kompyuta. Masatu alimuuliza baba kama ni kweli.

"Ni kweli," baba alisema. "Wageni mlikuwa mnakuja."

Alinitazama mara moja, akatoka nje, akaurudisha mlango polepole nyuma yake.

Sikumfuata. Nilikuwa na jambo la kuthibitisha, na Happyness alikuwa ameshatoka mbio kwenda saluni ya jirani. Alirudi na mashine ya kukaushia nywele na mwenye saluni nyuma yake, maana hakuwa tayari kuiachia mashine yake iende peke yake. Tulilipasha joto shina la bawa mpaka samli ikaanza kutoka kwenye ufa kidogokidogo, ya njano, tukaifuta, tukaosha kwa dawa ya kusafishia, tukakausha, tukarudia. Masatu alivua koti akashika kitambaa mwenyewe. Mwenye saluni alisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na sisi tukaendelea kufuta.

Dawa nyekundu ikapakwa upya. Tukasubiri ipasavyo, ikafutwa, unga ukapuliziwa. Mwanzoni weupe, halafu doa, halafu madoa yakaungana, na ufa ukajichora mbele ya macho yetu, mwekundu, mrefu, ukifuata mstari wa ribiti kama nilivyoujua.

Masatu aliukodolea macho. Akaomba kalamu ya kifaa, akaipitisha kwa mkono wake mzito, mstari ukaruka. Akaipitisha tena.

"Kwa hiyo dawa ndo iliyodanganyika," alisema mwishoni. "Hiki kilikuwa kinasema kweli tangu mwanzo, na samli juu." Alikaa juu ya tairi. "Nyie watoto hamjui ndege zinavyokuja hanga. Zinakujaga na grisi, na vumbi, na mafuta ya taa ambayo mtu kafutia. Tunafuta juu, tunapaka dawa, tunaona weupe, tunasaini. Nimesaini nyingi mimi."

Alikaa pale akitazama mikono yake, mtu mzima anayehesabu moyoni, na mimi nikaacha kabisa kumwogopa. Kisha akasema kazi iendelee, kwamba ataipendekeza mwenyewe, na kwamba kuanzia sasa majaribio yote yafanywe mara mbili, kwenye bati safi na kwenye bati chafu. Happyness alinishika mkono akaubana mpaka ukauma. Nilikuwa nimeshinda. Nilisubiri furaha ije, na badala yake nikaona mlango uliofungwa.

Nilimkuta baba nyuma ya ghala, kwenye kivuli cha ukuta. Alikuwa amevua koti la ulinzi na kulikunja vizuri, limewekwa juu ya tofali, na juu yake tochi na funguo. Alikuwa na shati lake la kila siku, na bila lile koti alionekana mdogo.

Nikaanza kuongea kabla hajaniuliza, kama ninavyofanya nikiwa na kosa. Nilimwambia kazi imepita, kifaa kimekubaliwa, tena samli yake ndiyo iliyosaidia. Nilimwambia ilikuwa lazima niseme ukweli, ni maisha ya watu.

"Sina neno na hilo," alisema. "Bawa nimelipaka mimi. Ulitakiwa useme. Kama ungeficha ningekushangaa."

"Sasa kwa nini umetoka?"

Aliokota kinyweleo cha pamba kwenye suruali yake, akakipuliza.

"Uliposema mlinzi," alisema, "niligeuka nyuma nione ni mlinzi gani."

Kelele za ndani zilitufikia, mtu akicheka, kiti kikiburutwa. Nilitaka kumwambia kwamba tulikubaliana hivyo, yeye mwenyewe alianza, yeye ndiye aliyeniita Injinia getini. Yote hayo yalikuwa kweli na hayakuwa na maana. Wakati wa mchezo, "mlinzi" lilikuwa jina la mchezo. Lakini siku watu wanamcheka, mimi nilikuwa na neno baba mdomoni, nikalimeza, kwa sababu lingenigharimu. Ufa wa bati nilikuwa tayari kuuonyesha taifa zima. Mzee wangu mwenye samli kwenye vidole nilimsimamisha kama kovu, akitazama uzio.

"Twende ndani," nilimwambia.

"Kufanya nini? Kazi si imeisha."

"Twende, baba."

Nilimshika mkono. Sijawahi kumshika baba mkono mbele ya watu tangu nilipoacha kuvaa sare za shule ya msingi, na yeye si mtu wa kushikwa. Alikuja hivyohivyo. Tulipoingia, vijana walikuwa wanakusanya waya, na Masatu alikuwa anavaa koti.

"Samahani," nilisema, na sauti ikatoka kubwa kuliko nilivyopanga. "Kuna kitu sikukisema sawasawa. Huyu anaitwa Makongoro, wa Mwitongo, Butiama. Ni baba yangu mzazi. Amekuwa akilinda hapa, na mimi nilijua, na sikusema. Samli aliipaka kwa sababu aliona ufa ule utaniaibisha mbele yenu. Alikuwa ananisitiri."

Nicolaus, aliyemwajiri, alikaa chini polepole. Happyness hakushangaa hata kidogo. Baadaye aliniambia kwamba mimi na baba tukikasirika tunabana mdomo upande mmoja uleule, na kwamba ghala zima lilijua isipokuwa Nicolaus.

Masatu alimwendea baba. Walikuwa umri mmoja, au karibu, na walisalimiana kwa mikono yote miwili.

"Utaratibu unaujua, Injinia," aliniambia bila kumwachia baba mkono.

"Naujua."

"Mzee hawezi kuendelea hapa. Na wewe barua utaandikiwa. Nitaiandika mimi, ili isiandikwe na mtu mwingine."

Nikasema sawa. Nilifikiri baba atainama. Badala yake alijinyoosha, akaweka shati sawa, akawatazama wale watu wa Dodoma mmoja mmoja kama mtu anayewaona mara ya kwanza. Mlinzi alikuwa akiwafungulia mlango tu. Huyu alikuwa mtu mwingine.

"Kama mimi ndo baba wa mwenye kazi hii," alisema, "basi hamuwezi kuondoka bila kula. Ni aibu. Butiama ni hapo tu."

Masatu alisema wanatakiwa Mwanza kabla giza halijaingia. Baba akamjibu kwamba Mwanza imekuwepo siku zote na haitahama. Vijana wa mipango wakaangaliana. Masatu alitazama saa, akaitazama ile ndege, akamtazama baba, akacheka kwa mara ya kwanza tangu afike.

Kwa hiyo tulikwenda. Tulishika njia ya Musoma, tukakata kulia Kiabakari, baba amekaa mbele kwenye gari la serikali akimwelekeza dereva njia ambayo dereva tayari alikuwa anaijua. Mama yangu Selestina alipoona magari mawili yanaingia bomani alijifunga kanga kiunoni bila kuuliza. Jogoo wawili walikamatwa, ugali wa mtama ukasongwa, na kaka zangu wakatumwa viti kwa majirani. Mama alipopita karibu yangu alinong'ona, "Umefanya nini tena?" Nikamwambia nimemfukuzisha baba kazi. Alinitazama, akaangalia upande wa baba aliyekuwa anawanawisha wageni mikono, akasema, "Mbona anaonekana kama amepandishwa cheo."

Walikula vizuri. Masatu alikula kama mtu aliyetua mzigo. Baada ya kula, kijana mmoja wa mipango, nadhani yule aliyecheka, alisema kwa adabu kwamba mzee amezaa injinia mzuri, hodari, asiye na kasoro.

Nilimjua baba. Nilisubiri apokee sifa ile kama anavyopokea sifa za ng'ombe zake, kwa kunyamaza na kujikuna kidevu. Kwa miaka yote niliyoishi hajawahi kutoa kasoro yangu nje ya boma. Nilipofeli mtihani wa mwaka wa pili, majirani waliambiwa nimepewa likizo ndefu. Nilipoachwa na mchumba, ukoo mzima uliambiwa mimi ndiye niliyekataa.

Baba aliweka kikombe chini.

"Kasoro anazo," alisema. "Ana hasira huyu. Akiwa mdogo alimpiga beberu ngumi kwa sababu beberu kamuangalia vibaya. Ugali hajui kusonga mpaka leo, muulizeni mama yake. Mwaka wa pili chuoni alifeli, mimi nikasema uongo kijiji kizima. Kuna kijana wa Bugwema alimuacha, alilia hapo kwenye ghala la mahindi wiki nzima, tukawa tunamwekea chakula mlangoni. Akiingia ndani na viatu vyenye tope hajali. Simu hapigi mpaka upige wewe."

Masatu alikuwa ameegemea mbele, anasikiliza kwa makini yote. Mama alifunika uso kwa kanga, mabega yakimtetemeka kwa kicheko. Mimi masikio yaliwaka moto, na nilitaka kumzuia, nilishafungua mdomo kabisa, kisha nikaona jinsi alivyokuwa ananitazama wakati anayasema, kama mtu anayegeuza kovu la mtamba wake litazame wageni. Nikafunga mdomo, nikamwongezea chai, naye akapata pumzi ya kuendelea.